Chokaa ya Nguzo ya Nne

Jumatatu, 5 Oktoba

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na kabla haijaloanisha vizuri njia ya shuleni, Baraza la Kanisa lilikuwa limeshagombana. Fundi waliyemleta kukagua jengo kwa ajili ya jubilei ametoa taarifa ya kurasa mbili. Anasema kanisa lifungwe. Si baada ya sherehe, sasa. Anasema udongo wa kilima hiki hunywa maji ukavimba, kisha hukauka ukasinyaa, na nguzo kumi na mbili zinazobeba paa zimechoka kuchezeshwa.

Nilicheka mbele yao wote. Mji huu umetoka tumboni mwa kanisa hilo. Kabla yake palikuwa na nyasi na chemchemi tu. Ikaja misheni: kanisa, shule, zahanati, kiwanda cha kuchapa ninachokisimamia mimi, na barabara moja iliyonyooka kama mstari wa daftari kwa sababu mmisionari wa kwanza hakupenda kona. Koo kumi na mbili za kwanza kubatizwa zilifyatua matofali kwa mikono yao, kila ukoo ukajenga nguzo yake. Mpaka leo kila ukoo hukaa kwenye benchi la nguzo yake, na huipaka chokaa wenyewe. Yetu ni ya nne, upande wa kushoto. Leo mtu aliyeshuka kwenye basi wiki iliyopita anatuambia tutoke.

Jubilei ya miaka mia ni tarehe 29 Novemba. Siku hamsini na tano. Zinanitosha kumrudisha alikotoka.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimezunguka nyumba zote kumi na mbili kwa miguu, nikiuliza swali moja: nguzo yenu ina ufa? Hakuna aliyesita. Mzee wa Kanisa, mwenye nguzo ya kwanza kulia, alitaka hata kushika Biblia, nikamwambia neno lake linatosha. Nilimalizia kwa Shangazi, dada yake marehemu baba, aliyenilea na anayetunza nguzo yetu. Alikuwa anachambua mchele.

"Nzima kama jicho," alisema. "Kwani nani kakuambia ina ufa?"

"Hakuna, Shangazi. Nawauliza wote."

"Waulize hao wote. Ya kwenu unaijua."

Nikifa na daftari hili likasomwa na mgeni, aelewe uzito wa swali lenyewe. Siku ya kuezeka paa, mmisionari wa kwanza alihubiri kwamba nguzo ikipasuka, basi kuna kilichopasuka nyumbani kwa wenyewe. Alikuwa anatoa mfano. Wazee wetu waliuchukua kama sheria. Ndoa zimevunjwa hapa kwa mstari mwembamba kama uzi kwenye plasta ya mkwe. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba huo ni upuuzi, na bado kila nilipouliza nilijikuta nimepunguza sauti.

Jumamosi, 10 Oktoba

Waraka wangu wa kumjibu Fundi umetoka. "Nguzo Kumi na Mbili, Mashahidi Kumi na Wawili." Nakala mia nne, zimeisha kabla ya saa sita. Nimemwita Fundi tabibu anayemwambukiza mgonjwa ili amuuzie dawa. Sentensi hiyo nilimsomea mke wangu mara mbili.

"Mara ya kwanza nilisikia," alisema.

Jumapili, 11 Oktoba

Mkono unauma kwa kupongezwa.

Jumatatu, 12 Oktoba

Fundi amekuja kiwandani, waraka wangu umekunjwa mfukoni mwa shati. Ni mtu mfupi, mpole, ana tabia ya kugusa ukuta anapoongea, kama anayemtuliza ng'ombe.

"Kalamu," alisema. Jina hilo la utani ameshalijua. "Umeandika vizuri. Umekagua nguzo ngapi?"

"Nina ushahidi wa koo kumi na mbili."

"Sikuuliza hivyo. Umekagua ngapi?"

"Mimi si fundi."

"Hilo hujaliandika humu."

Alitoa vipande vya kioo, vyembamba, urefu wa kidole. "Bandika hiki kwenye nguzo kwa plasta, ncha huku na ncha huku. Nguzo ikitulia, kioo kinabaki. Ikisogea hata unene wa unywele, kinapasuka. Kioo hakina ukoo."

Nikasema nitakibandika kwenye nguzo yangu mwenyewe, na kikifika jubilei kizima, atasoma waraka wangu wa pili kwa sauti, amesimama mbele ya kanisa zima.

"Na kikipasuka?"

"Hakitapasuka."

"Kiweke upande unaoelekea ukutani," alisema. "Kimo cha goti. Pale ambapo watu hawaangalii."

Jumanne, 13 Oktoba

Nimekibandika. Shangazi alikuwepo anafuta benchi, kama kila Jumanne. Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Unaibandika nguzo kama kidonda?"

"Nataka kumuumbua Fundi."

"Ungemuumbua kwa nguzo ya mwingine," alisema, akarudi kwenye benchi ambalo lilikuwa safi tayari.

Ijumaa, 16 Oktoba

Mvua. Kioo kizima.

Jumanne, 20 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Kioo kizima.

Jumamosi, 24 Oktoba

Jua kali, barabara inatoa mvuke. Kioo kizima. Nilimwambia Fundi, akajibu "Vizuri," kwa namna iliyoniudhi siku nzima.

Alhamisi, 29 Oktoba

Siku ya tatu ya mvua isiyopumua. Kioo kimepasuka katikati.

Ijumaa, 30 Oktoba

Nimebandika kingine. Wanaofagia watakuwa wamekigonga kwa ufagio. Nimewaambia wasifagie upande wa kushoto.

Jumatatu, 2 Novemba

Kimepasuka. Hakuna aliyefagia.

Jumatano, 4 Novemba

Mchana huu, wakati wa shule, kanisa likiwa tupu, nimeingia na kisu cha kukatia karatasi. Nilipiga magoti nyuma ya nguzo ya nne nikakwangua palipo na kioo. Pembeni chokaa ilikuwa ganda juu ya ganda, kila mwaka na ganda lake, lakini pale ilikuwa ganda moja tu, jipya. Chini ya chokaa nikakuta plasta. Plasta haikugoma, ilimeguka kama mkate wa jana. Chini ya plasta palikuwa na gunia.

Nililivuta. Lilitoka refu, limelowa, linanuka udongo. Nyuma yake kulikuwa na matambara. Nyuma ya matambara kulikuwa na karatasi zilizokunjwa na kushindiliwa kwa kijiti, mbichi, wino wake haujafifia. Nilikunjua moja. "Tunathibitisha mbele ya Mungu na wanadamu kwamba hakuna nguzo yenye ufa." Nakala sita za waraka wangu. Nilizihesabu kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Mkono wangu uliingia ndani mpaka kwenye kifundo. Kulikuwa na baridi humo, na hewa ilikuwa inapita.

Nilirudisha kila kitu. Hilo nalo niliandike. Mimi ninayewaita wenzangu waoga katika magazeti matatu, nilirudisha karatasi, matambara na gunia, nikapaka plasta juu, nikatoka.

Alhamisi, 5 Novemba

Nilimkuta Shangazi uani. Nilikuwa nimepanga hotuba njiani. Iliniishia mlangoni.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

Hakujifanya hajui. Alikausha mikono kwenye kanga, akakaa.

"Tangu mwaka aliofariki baba yako. Siku ya arobaini niliuona. Mwembamba, kama uzi. Mama yako alikuwa ameshaondoka kwenda kwao, watu wanasema amemlisha mumewe sumu. Unakumbuka walivyosema?"

"Nakumbuka."

"Basi ningewaonyesha na ufa? Wewe walikuwa wamekupa nafasi shule ya misheni. Wangesema mtoto wa nyumba iliyopasuka asikae na wenzake. Nikachukua chokaa. Mwaka uliofuata ulikuwa umekua kidogo, nikachukua plasta. Hivyo hivyo. Miaka thelathini na minne."

"Shangazi, nguzo hiyo inabeba paa."

"Inabeba na jina lako."

"Umeuziba kwa waraka wangu."

"Gunia halikutosha," alisema. "Na ile karatasi yako ni ngumu, nzuri."

Nilikaribia kucheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama nimemwambia mtu. Nikasema hapana. Akasema, "Basi mvua itaisha, mwanangu. Kila mwaka huisha."

Kwa miaka yote hiyo nimemwona kama mama mzee wa sala na ufagio, mtu wa kusaidiwa kuvuka barabara. Kumbe alikuwa anashikilia jengo zima kwa mwiko, peke yake, Jumanne kwa Jumanne, na mimi nilikuwa mzigo wa juu.

Jumamosi, 7 Novemba

Nimekwenda kwa Mchungaji. Nilimwambia nina sababu mpya za kuamini taarifa ya Fundi. Sikusema sababu zipi. Alivua miwani.

"Kalamu, mwezi uliopita mimi nilitaka kulifunga. Nani alinizuia?"

"Mimi."

"Waraka wako uko kila nyumba. Askofu ameusoma, amenipigia simu kuusifu. Sasa nikalifunge kwa hoja gani? Kwamba umebadili mawazo? Wewe hujawahi kubadili mawazo, watu watadhani unaumwa." Alivaa miwani. "Uliandika ukatufunga. Andika utufungue."

Jumanne, 10 Novemba

Mvua. Sijaandika.

Alhamisi, 12 Novemba

Nimepanga herufi za waraka mpya, ukurasa mzima. Nilipofika mahali pa kutaja nguzo ya nne nikazibomoa zote, nikazirudisha kwenye visanduku vyake moja moja.

Ijumaa, 13 Novemba

Vivyo hivyo.

Jumapili, 15 Novemba

Sikusikia hata neno moja la mahubiri. Kwaya ya vijana hukaa upande wa kushoto, na binti yangu husimama mstari wa nyuma, mgongo wake hatua moja kutoka nguzo ya nne. Walipiga makofi na kurukaruka. Nilitazama chokaa. Nilihesabu beti. Wimbo ulikuwa na beti saba, na mwalimu wa kwaya, jinsi anavyopenda kujionyesha, akaurudia.

Jumatatu, 16 Novemba

Nimemwambia mke wangu yote. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja mpaka nikamaliza.

"Siku kumi na mbili unajua," alisema.

"Nilikuwa natafuta maneno."

"Mtoto anasimama chini ya hiyo nguzo, na baba yake anatafuta maneno." Aliweka nguo chini. "Tangu tuoane sijakuona unakosa maneno ya kumtukana mtu. Hata yule wa posta, kwa stempu moja, ulimwandikia kurasa nne."

Nilichukua shati nikalikunja vibaya.

"Jumapili ijayo mwanangu haendi," alisema. "Na wakiniuliza kwa nini, nitawaambia wakuulize."

Jumamosi, 21 Novemba

Niandike kwa utaratibu.

Leo ilikuwa siku ya chokaa. Kila ukoo huja na ndoo na brashi, nguzo zote hupakwa kwa pamoja, watu wanaonana. Palikuwa na watu wasiopungua themanini na watoto wao. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba watu walikuwa wanaongea kwa kupaza sauti. Shangazi alikuwa ameshaanza upande wa mbele. Mimi nilikuja na nyundo na patasi. Nilimwambia, "Nisamehe, Shangazi," nikazunguka nyuma, nikapiga.

Pigo la tatu lilitoa kipande cha plasta kikubwa kama sinia. Gunia likaning'inia. Nililivuta, nikavuta matambara, karatasi zikamwagika sakafuni. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kifundo, nikawageukia watu mkono ukiwa bado ndani.

"Hii ni ya kwetu," nilisema. "Ina ufa tangu nikiwa shuleni. Niliwaambia hauko. Fundi alisema kweli. Tutokeni humu."

Nilisema mengine mengi. Nilieleza udongo, maji, uzito wa paa. Sijawahi kusema vizuri hivyo maishani. Nilipomaliza, Mzee wa Kanisa alinijia na sura ya msibani.

"Pole sana, Kalamu. Kila nyumba ina lake."

"Si habari ya nyumba, Mzee. Ni habari ya udongo. Udongo ni mmoja chini ya zote."

"Lakini ufa uko kwenu." Akageukia watu. "Sisi wengine tuendelee, giza lisitukute."

Mmoja wa upande wa kulia akasema ukoo wa nguzo ya nne ukae nje siku ya jubilei, wengine waingie kwa amani. Wakacheka. Mwingine akatoa waraka wangu kwenye mkoba, akausoma kwa sauti: "Nguzo ya saba, nzima. Nguzo ya nane, nzima. Nguzo ya tisa, nzima." Akanitazama. "Wewe ndiye uliyeandika, au kuna Kalamu mwingine?" Brashi zikarudi kwenye ndoo. Nilisimama pale na vumbi mpaka kwenye kope, na kila nilichowahi kuchapa kilikuwa upande wao.

Ndipo Shangazi alipoweka brashi chini. Hakunitazama. Alimtazama mke wa Mzee wa Kanisa, shoga yake wa tangu usichana.

"Bakuli langu utarudisha lini?"

"Bakuli gani?"

"La plasta. Jumanne ulikuja kwa mlango wa nyuma, ukasema unaziba jiko. Nikakupa. Jumatano ukaja tena. Jiko gani hilo linalokula bakuli tano?"

Mwanamke yule akawa anatafuta kitu ndani ya ndoo yake.

"Na wewe, mkwe wa nguzo ya saba. Uliniomba magunia ya kutandikia kuku. Huna kuku. Hujawahi kuwa na kuku." Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. "Nguzo ya kumi, mnanunua chokaa mara nne kwa mwaka, nyumba yenu ni ya mbao. Mimi sisemi mna dhambi. Mimi yangu nimeificha miaka thelathini na minne, nawajua wenzangu kwa mikono. Nyoosheni mikono."

Hakuna aliyenyoosha. Lakini kila mwanamke mle ndani aliitazama mikono yake, na mimi pia nikaitazama: yote ilikuwa imechubuliwa na chokaa kwenye vidole, na kushika brashi hakuchubui vidole hivyo. Mkwe wa nguzo ya saba aliigeukia nguzo yake, akabonyeza kwa kidole gumba, kimo cha goti. Kidole kikazama chote.

Mchungaji alikuwa amesimama madhabahuni. Alisema kwa sauti ndogo, nadhani aliogopa hata kupaza: "Watoto kwanza. Polepole. Msisukume mlango."

Mzee wa Kanisa alitoka wa mwisho. Shangazi alipita mbele yangu kama anayepita mbele ya ukuta.

Jumapili, 22 Novemba

Ibada darasani. Watu wamekaa ovyo, hakuna aliyejua benchi lake.

Jumatano, 25 Novemba

Nimekwenda kwa Shangazi. Mlango ulifungwa nikiwa nauona unafungwa.

Jumapili, 29 Novemba

Jubilei imefanyika uwanja wa shule chini ya maturubai. Askofu alihubiri miguu ikiwa kwenye tope. Wazee walilia, si kwa furaha. Kanisa lilikuwa nyuma yetu, limefungwa, nguzo zake ndani zimepakwa nusu. Lilisimama sherehe nzima. Nilikuwa naligeukia, na kila nilipogeuka niliwakuta wengine wameligeukia pia, kisha wananitazama mimi.

Jumatano, 2 Desemba

Dukani:

"Kalamu, limeanguka?"

"Bado."

"Ukijua siku tuambie, tuje na viti."

Ijumaa, 4 Desemba

Mvua kubwa. Mirunda ya Fundi ya kutegemeza paa imekwama, daraja limekatika. Anazunguka kanisa asubuhi na jioni, hagusi ukuta tena. Limesimama.

Jumapili, 6 Desemba

Niliamka kabla ya wote, nikakaa dirishani kulitazama. Mke wangu alikuja akasimama nyuma yangu.

"Unaomba nini?"

"Siombi kitu."

"Midomo ilikuwa inacheza." Alilitazama kanisa. "Unaomba lianguke."

Nilitaka kubishana. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini ni kweli. Wiki mbili nzima, kila radi inapopiga, nasikiliza kwa hamu. Sasa halina watu, nimejiambia, halitaumiza mtu, na saa hiyo hiyo dukani watanyamaza. Jengo ambalo mababu zangu walilijenga kwa mikono, nalitaka chini ili nishinde mabishano.

Jumanne, 8 Desemba

Saa nne asubuhi Fundi alinijia kiwandani anakimbia. Sijawahi kumwona anakimbia.

"Kuna mtu ndani. Upande wa kushoto."

Sikuuliza nani. Shangazi ana ufunguo wa mlango wa pembeni tangu sijaoa.

Fundi alinishika mlangoni, akasema asiingie zaidi ya mtu mmoja, na nisitembee katikati. Nilipita ukutani. Shangazi alikuwa amepiga magoti nyuma ya nguzo ya nne, ndoo pembeni, anapaka plasta pale nilipobomoa. Juu yetu kulikuwa na sauti ndogo, kama mtu anayetafuna punje kavu. Vumbi la chokaa lilikuwa linashuka kwenye kilemba chake.

"Shangazi, tutoke."

"Nikimaliza."

"Linaanguka hili."

"Umekuwa ukilisubiri." Hakugeuka. "Lianguke likiwa limevaa. Nguzo ya baba yangu haitakutwa uchi, watu wakija kuokota matofali."

Nilikuwa na hoja. Nilikuwa na udongo, na maji, na taarifa ya kurasa mbili. Niliutazama mkono wake: ulikuwa hauna nguvu tena, plasta ilikuwa inaanguka kabla haijashika. Nikapiga magoti upande wake, nikachukua mwiko.

"Si hivyo," alisema. "Bonyeza kwanza, halafu vuta juu."

Nilibonyeza, nikavuta juu. Hewa ile ya baridi iligusa vidole vyangu, ikapungua, ikaisha. Sauti ya juu iliendelea. Niliomba. Niliomba lisimame, dakika kumi tu, kwanza, kisha nikajikuta naomba zaidi ya dakika kumi, naomba mwaka, naomba na nguzo ya Mzee wa Kanisa upande wa kulia, na ya saba, na ya kumi. Shangazi alipitisha chokaa juu ya plasta mbichi, kushoto kwenda kulia, akarudi nyuma kwa magoti ili aione.

"Inatosha," alisema.

Miguu ilikuwa imemfia. Nikageuka, nikainama, akanipanda mgongoni. Ni mwepesi kuliko ndoo aliyokuwa nayo. Tulipita ukutani tena, hatua kwa hatua, pumzi yake sikioni mwangu, ikinuka chokaa. Nje Fundi alinyoosha mikono kumpokea, lakini yeye hakuachia shingo yangu.

"Ndoo tumeiacha," alisema.

"Ibaki."

Mvua ilikuwa inatuosha mikono, maji meupe yanatiririka mpaka viwikoni. Nilishuka naye kilimani. Nyuma yetu kulikuwa kimya, na sikugeuka kuangalia.